Nguo Zilioza, Udongo Ukabaki

Hotuba niliyoitoa mbele ya mafundi cherehani, wafinyanzi na wanafunzi wa sanaa. Naiweka yote hapa kwa ajili ya wenzetu waliokosa kufika.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, mafundi wenzangu, na ninyi vijana mliosimama huko mlangoni kwa kukosa viti, habari za jioni.

Naanza na swali. Nguo inaishi miaka mingapi? Fundi, ile nguo uliyoishona mwaka wako wa kwanza wa kazi, iko wapi leo?

Yangu ilikuwa joho la bwana harusi. Darizi ya kifuani peke yake ilinichukua wiki tatu. Mwenyewe alilitunza: sanduku la mbao, kafuri, shuka jeupe juu yake. Baada ya miaka 18 akaniletea, anataka nilipunguze livaliwe na mwanawe. Tulipolikunjua, bega la kulia lilibaki mkononi mwangu kama karatasi iliyoungua. Nondo walikuwa wameshamaliza kazi yao. Nililia, sioni haya kusema.

Miaka 18, ndani ya sanduku, ndani ya nyumba yenye paa. Sasa fikirieni miaka 2,000, chini ya ardhi, mahali pa mvua.

Mahali penyewe ni pwani ya Ecuador, Amerika ya Kusini, upande wa Bahari ya Pasifiki, mkoa unaoitwa Manabí. Ikweta ile ile inayopita Nanyuki inapita pale karibu na mji wa Pedernales. Kuna mito miwili, Jama na Coaque, na kutokana na mito hiyo wanaakiolojia waliwapa wenyeji wa kale jina la Jama-Coaque. Wenyewe walijiitaje? Hawakuandika. Walianza kujengeka kama jamii yenye sura yake takriban mwaka 350 KK, baada ya volkano ya Pululahua, huko milimani, kulifunika bonde la Jama kwa majivu na kuwatawanya waliokuwapo kabla. Wakaendelea hadi Wahispania walipofika mwaka 1531. Hesabuni wenyewe: ni zaidi ya miaka 1,800. Kwenye kituo chao kikuu, San Isidro, walijenga kilima cha udongo chenye kimo cha takriban mita 17, na juu yake wakafanyia sherehe zao.

Na sherehe haiendi bila vazi. Vazi lenyewe liko wapi?

Huko Peru, kusini, kuna jangwa. Mwaka 1927, kwenye rasi ya Paracas, mwanaakiolojia Julio C. Tello na wenzake walikuta mafurushi 429 ya maiti zilizoviringishwa nguo. Nguo za zaidi ya miaka 2,000, na nyekundu bado nyekundu! Unaweza kuhesabu mishono. Jangwa ni sanduku zuri kuliko la yule bwana harusi wangu. Lakini Manabí si jangwa. Kuna unyevu, kuna mizizi, kuna wadudu. Pamba ikifukiwa haidumu, na manyoya ya ndege ndiyo kabisa.

Kwa hiyo vazi la sherehe la watu wa Jama-Coaque lilioza lote. Lote. Isipokuwa lile alilolishona mfinyanzi.

Nasema alilolishona, na nitaeleza kwa nini.

Sanamu ndogo za udongo zilikuwapo pwani ile tangu zamani sana. Watu wa Valdivia, kusini kidogo, walizitengeneza kuanzia takriban mwaka 3500 KK, na ni miongoni mwa za kale kabisa katika Amerika yote. Ni wanawake wadogo wa kushikika kiganjani. Hao hawakuvishwa nguo, walivishwa nywele: misuko mizito, vichwa vilivyonyolewa upande mmoja, mistari iliyochanwa mmoja mmoja kwa ncha kali. Msusi akiziona atakaa kitako azisome. Lakini nguo, hapana.

Mfinyanzi wa Jama-Coaque alifanya jambo jingine. Alikuwa na kalibu. Alichukua udongo laini akaukandamiza kwa vidole ndani ya kalibu, akapata uso na kiwiliwili. Kalibu hiyo hiyo ingeweza kumpa mtu wa pili, wa tatu na wa kumi, wote ndugu pacha. Kisha akaanza kazi ya mkono. Akaviringisha udongo mwembamba kama uzi mnene, akaubandika shingoni: mkufu. Akabandika vidonge vidogo kimoja kimoja: shanga. Akakata bapa akaliinamisha juu ya paji la uso: taji. Mtu alitoka kwenye kalibu, vazi likatoka mkononi.

Mnaisikia hiyo, mafundi? Mwili ulikuwa wa kalibu. Vazi ndilo lililosema huyu ni nani.

Ngojeni niwaeleze mmoja wao, taratibu, kama anavyopimwa mteja. Ni mwanamume ameketi. Kichwani ana taji pana, mapambo yake yanachomoza pande zote. Masikioni ana majasi makubwa, tundu la ndewe limepanuliwa kama la bibi zetu. Puani ana hazama. Chini ya mdomo ana ndonya; ndiyo, ndonya, wazee wa Kimakonde wangeitambua mara moja, ingawa hakuna aliyemfundisha mwenzake. Kifuani ana kidani cha ngazi kwa ngazi kinachoshuka karibu na kitovu. Vikuku mikononi, vikuku miguuni. Na shavu lake moja limevimba.

Kwa nini shavu limevimba? Tazameni mkononi: ana kichupa kidogo, na mkono wa pili umeshika kijiti. Wazee wa pwani hapa, nisaidieni. Mtu ana jani mdomoni, na pembeni ana chombo cha chokaa. Huyu anafanya nini?

(Bibi mmoja mbele akajibu kwa sauti: "Anakula tambuu!")

Ahsante, bibi. Umekosea jani tu. Jani lake ni la koka, lakini chokaa ni chokaa, na kile kichupa ni kijaluba chake. Chokaa hulifanya jani litoe nguvu yake. Huyu si mtu aliyekaa kupumzika. Yumo kwenye ibada, na vyombo vya ibada ni sehemu ya vazi kama taji lilivyo sehemu ya vazi. Mkiwa mnamshonea mganga au sheikh au askofu, mnajua: kinachoshikwa mkononi kinaamua mkono wa nguo uwe na upana gani.

Yuko mwingine ameshika mti wa kupandia na mfuko wa mbegu. Mkulima, tungesema. Lakini angalieni alivyovaa! Hazama, kidani, taji. Nani huenda shamba na kidani? Kwa hiyo kupanda kwake si kibarua cha kila siku. Ni kupanda kwa sherehe, mbegu ya kwanza labda, mbele ya watu. Tusingelijua hilo kwa kutazama mti wa kupandia peke yake. Vazi ndilo lililotuambia.

Na yuko ninayempenda kuliko wote. Amevaa ndege. Mikono imefungiwa mbawa, kiwiliwili kimefunikwa safu za manyoya, na juu ya kichwa upo mdomo wa ndege uliopanuka. Ndani ya mdomo ule unachungulia uso wa binadamu. Mfinyanzi angeweza kutengeneza ndege. Angeweza kutengeneza mtu. Alichagua kutuonyesha mtu ndani ya vazi la ndege, ili tujue kwamba hili lilishonwa, likavaliwa, likachezwa. Wengine wamevaa majoho yaliyojaa vipande vidogo, safu juu ya safu, kama magamba ya samaki. Tukisema ni kome zilizotobolewa na kushonwa kwenye kitambaa, fikirieni uzito wake. Fikirieni sauti yake mtu akipiga hatua!

Sauti nayo haikusahauliwa, kwa sababu nyingi za sanamu hizi ni filimbi. Zina tundu la kupulizia na tumbo lenye uwazi. Wapo waliobeba ngoma, wapo wenye filimbi za matete zilizofungwa pamoja. Vazi, sauti na ngoma vilikaa pamoja kwenye kipande kimoja cha udongo.

Rangi ndiyo inayoniuma. Walipaka kijani, manjano, nyekundu, nyeupe, nyeusi, na walipaka baada ya kuchoma. Rangi iliyopakwa baada ya moto haishikani na udongo. Ukiisugua kwa maji na brashi, inakwenda. Ni sanamu ngapi zilizochimbuliwa zikaoshwa na mtu aliyedhani anazisafisha? Aliosha matope, akaosha na nguo.

Sasa nafika kwenye swali ambalo mtu mwenye akili lazima aulize. Tutajuaje kwamba mfinyanzi hakutunga? Huenda alibuni tu. Huenda hakuna aliyewahi kuvaa taji la namna ile.

Swali hilo lilijibiwa, lakini si Manabí. Lilijibiwa kaskazini mwa Peru, kwa watu waitwao Moche, nao walikuwa mabingwa wa udongo. Kwenye vyombo vyao walichora tukio moja tena na tena. Mateka wanachinjwa, damu inakingwa, na kikombe kirefu kinapelekwa kwa mtu mkubwa kuliko wote pale. Mtu huyo ana taji lenye umbo la mwezi mchanga. Karibu yake yuko aliye nusu ndege. Wa tatu ni mwanamke, na kichwani kwake vinaning'inia vishada viwili vikubwa. Katika miaka ya 1970 mwanazuoni Christopher Donnan alikusanya picha nyingi za vyombo hivyo, akaonyesha kwamba wahusika ni wale wale na mavazi yao ni yale yale, chombo hadi chombo. Wengi walisema: sawa, hizo ni hadithi za miungu.

Mwaka 1987, wezi wa makaburi walitoboa kilima kimoja karibu na kijiji cha Sipán. Polisi wakamwita mwanaakiolojia Walter Alva usiku. Alipochimba mahali ambapo wezi hawakufika, alikuta kaburi la mtu mmoja. Na mtu yule alikuwa amezikwa na taji la dhahabu la mwezi mchanga. Na majasi yake. Na ngao ya dhahabu ya kufunika nyuma ya kiuno. Na njuga zake. Vazi zima la yule mkubwa wa kwenye vyungu, kipande kwa kipande! Mwaka uliofuata likapatikana kaburi la pili hapo hapo, la mtu mwenye taji la bundi na kikombe. Mwaka 1991, kule San José de Moro, Donnan na Luis Jaime Castillo wakafungua kaburi la mwanamke. Kichwani vishada viwili. Pembeni kikombe kirefu.

Watatu walikuwa watu. Walikuwa na miili, walikuwa na vipimo, na kuna fundi aliyewapima. Mfinyanzi wa Moche hakutunga, alikuwa ameona.

Moche si Jama-Coaque, msinisikie vibaya. Ila tangu siku ile, mtu anayesema udongo wa pwani zile ni ndoto tupu ana kazi kubwa ya kututhibitishia.

Na Manabí wenyewe tunao ushahidi, kutoka kwa watu waliokuja na nia mbaya. Mwaka 1526, rubani wa Kihispania aitwaye Bartolomé Ruiz alikuwa akishuka pwani ile. Baharini akakutana na tanga. Halikuwa tanga la Mhispania. Ilikuwa jahazi la magogo ya balsa, lina matanga ya pamba, lina watu wapatao 20, limejaa bidhaa. Kumi na moja kati yao walijitupa majini. Taarifa ya safari ile ikaorodhesha shehena, na nawaomba mafundi msikilize orodha hii kama mnavyosikiliza orodha ya vitambaa dukani: mataji, mikanda, bangili, mapambo ya kifua, njuga, vioo vilivyopambwa kwa fedha. Nguo za sufu na za pamba. Mashati na majoho ya rangi nyekundu, bluu, manjano na nyinginezo, yaliyofumwa ndege, wanyama, samaki na miti. Mwandishi hakuwa na majina ya nguo zile, akaazima majina ya mavazi ya Waislamu wa Hispania. Mojawapo husomwa "aljuba". Neno lile lile la Kiarabu lililotupa sisi juba.

Na yote yale walikuwa wakiyapeleka kubadilishana na nini? Na kombe. Kombe za chaza wa miiba, nyekundu kama matumbawe, walizochonga shanga. Zile shanga tunazoziona zimebandikwa kidonge kimoja kimoja kwenye shingo za udongo.

Miaka mitano baadaye, 1531, Francisco Pizarro, kamanda wa Wahispania, aliuvamia mji wa Coaque. Walikuta dhahabu na zumaridi. Pedro Pizarro, aliyekuwamo safarini, ameandika kwamba padri mmoja, Reginaldo de Pedraza, aliwaambia askari zumaridi ya kweli haivunjiki kwa nyundo. Wakazipiga nyundo. Zikavunjika. Mimi nikisoma habari hii siwazi thamani ya vito. Nawaza vilikuwa vimekaa wapi kabla ya kung'olewa: kwenye kidani cha nani, kwenye taji la nani.

Wenzangu, yapo mambo mawili ya kusikitisha ambayo siwezi kuyaruka.

La kwanza ni uchimbaji wa wizi. Sanamu nyingi za Jama-Coaque zilizo kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani hazikuchimbuliwa na mwanaakiolojia. Alizitoa mtu kwa sururu usiku, akamuuzia dalali, dalali akamuuzia tajiri. Je, kuna ubaya gani, kama sanamu imefika salama? Ubaya ni huu. Yule mwenye taji na kijaluba, alikuwa kaburini au nyumbani? Alikuwa peke yake au wamepangwa ishirini, kila mmoja na vazi lake, kama maandamano? Aliwekwa mzima au alivunjwa makusudi? Majibu hayo yalikuwa kwenye udongo uliomzunguka, na udongo huo ulitupwa pembeni. Ni kama mtu anikatie vifungo vya joho aniletee, aseme: fundi, nimekuokolea nguo.

Kazi ya subira iliwezekana, na ilifanyika. Emilio Estrada, mfanyabiashara wa Guayaquil aliyeipenda akiolojia, alizipanga tamaduni za pwani ile miaka ya 1950, kabla hajafariki mwaka 1961. Baadaye James Zeidler na Deborah Pearsall walilichunguza bonde la Jama tabaka kwa tabaka, majivu ya volkano kwa majivu ya volkano, mpaka mbegu walizokula wenyeji. Hiyo ndiyo njia. Ni ya polepole, haina tajiri anayeisubiri.

La pili ni la kijiji kiitwacho La Pila, huko huko Manabí. Katika karne ya 20, wafinyanzi wa La Pila walijifunza kutengeneza sanamu za kale upya. Walizikazia macho zile zilizotoka ardhini, wakachonga kalibu, wakachanganya udongo, wakachoma, wakazifukia zizeeke. Walifanya vizuri mno. Madalali waliziuza kama za kale, na nyingine ziliingia kwenye makusanyo ya watu wenye elimu kubwa. Leo ipo njia ya kupima: kipande kidogo hupashwa moto, na mwanga hafifu kinaoutoa hueleza udongo ulichomwa lini.

Siwezi kuwahukumu wale wafinyanzi, na sitaki mtu hapa awacheke. Walikuwa maskini, aliyetajirika ni dalali. Siku hizi wengi wao huuza kazi zao waziwazi kama kazi zao. Lakini oneni hatari iliyobaki. Mtu akibandika mkufu mahali ambapo hapakuwa na mkufu, kwa kuwa mteja anapenda mikufu, basi mtu wa kale amevishwa nguo isiyo yake, na sisi tunaisoma na kuifundisha. Na wakati huo huo, mwanadamu pekee anayejua ni dakika ngapi inachukua kubandika vidonge mia moja vya shanga kabla udongo haujakauka ni mfinyanzi wa La Pila. Maarifa ya kalibu yako mikononi mwake. Mimi ningempa kiti cha mbele kwenye makumbusho yoyote.

Mwaka 2016, tarehe 16 Aprili, tetemeko la kipimo cha 7.8 liliipiga pwani ile. Pedernales na Jama zilibomoka, mamia ya watu wakafa. Ninapozungumza habari za watu wa miaka 2,000, nakumbuka kwamba wapo wanaoishi pale sasa, juu ya ardhi ile ile.

Nilipomaliza kusema, kijana mmoja wa mwaka wa pili wa ushonaji alinyoosha mkono. Akauliza: "Mwalimu, umetuonyesha mbele tu. Nyuma je? Taji lilifungwaje? Kidani kilikuwa na kishikizo au kamba?"

Swali hilo lilinifurahisha kuliko makofi. Nikamwambia: sanamu nyingi za kalibu, ukizigeuza, nyuma ni tupu. Hakuna mshono, hakuna fundo, hakuna kamba. Mfinyanzi aliukandamiza udongo kwa vidole kutoka upande ule, akaulainisha, akauacha hivyo, kwa kuwa sanamu ilitazamwa kwa mbele. Fundi aliyelishona vazi la kweli, ambaye kazi yake yote ya kufunga na kukaza ilikuwa mgongoni mwa mvaaji, hakuonyeshwa.

Kijana akaja mbele, akaomba ile sanamu ya mfano niliyokuja nayo, akaigeuza. Akaweka kidole gumba chake kwenye ubapa wa mgongo, mahali mfinyanzi alipobonyeza, akakaa nayo muda mrefu bila kusema.